Nyanchera Hakumla Mtu

Nimepasua mawe miaka thelathini na minne, na sikio langu la kushoto lilibaki huko timboni. Mkiona nimewageuzia shavu mnapozungumza nami, msidhani ni dharau. Lakini sikio la kulia ni zima, na ndilo lililosikia upuuzi ule sokoni Kebirigo.

Nilikuwa nimeketi kwa fundi wa viatu nikingoja ashone soli. Binti mmoja kando yangu alikuwa anatazama video kwenye simu, sauti ameifungulia soko zima. Kijana ndani ya simu alikuwa anasema kwamba huku kwetu Nyamira kuna jiwe linalokunywa damu. Jina la jiwe ni Nyanchera, alikuwa mchawi akageuzwa mwamba, na kila baada ya miaka kadhaa hudai mtu wake. Kisha akasema, kama anayetaja bei ya nyanya, kwamba mtu wa mwisho kuliwa alikuwa mpasua mawe aitwaye Mokaya. Eti Mokaya alikojolea jiwe asubuhi, na kabla ya saa sita mchana alikuwa maiti.

Nilisimama na kiatu mguu mmoja. Fundi aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nyinyi vijana mnaotengeneza hizo video, na nyinyi mnaozitazama mkila chipsi, nisikilizeni. Sina hasira na simu. Hasira yangu ni kwamba mmechukua kifo cha rafiki yangu, mkachukua na hadithi ya nyanya yangu, mkavichanganya kama saruji mbovu, na sasa mnawauzia watu.

Nianze na Nyanchera mwenyewe. Ni mwamba mrefu uliosimama peke yake kwenye mteremko juu ya mashamba ya chai, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kebirigo. Ukiutazama kutoka chini unaona mabega, shingo, na juu kabisa bamba pana la jiwe lililolala kama kikapu kichwani. Nyanya yangu, magokoro kama tunavyosema sisi, alinihadithia habari zake tukipalilia wimbi, yaani ulezi. Alisema Nyanchera alikuwa mke aliyerudi kwao wakati wa njaa kuomba mbegu. Walimpa kikapu kimoja cha wimbi. Alitembea siku tatu na mbegu zile kichwani, tumbo tupu, na hakula hata punje moja, kwa sababu mbegu ikiliwa hakuna msimu. Alipofika mteremko ule miguu ilikataa, akasimama kupumzika. Mvua ikaanza. Watoto walipomkimbilia aliwapungia mkono wasije, kikapu kisije kikawaangukia. Mpaka leo amesimama hapo.

Hiyo ndiyo hadithi. Iko wapi damu? Kulikuwa na sharti moja tu, kwamba mvua ikinyesha usisimame chini ya Nyanchera, wala usichunge ng'ombe pale. Nilipokuwa mtaalamu wa mawe nilipanda kule juu nikaona mwenyewe. Lile bamba lina nyufa, maji yakiingia vipande hutoka na kuanguka. Wazee wetu walikuwa wameliona hilo, wakalitia katika hadithi ili mtoto asisahau. Mwanamke aliyekuwa analinda watoto, nyinyi mmemfanya mchawi.

Kazi yenyewe nilijifunzia Nyansiongo, kwenye timbo lililotoa mawe ya kujengea mazizi ya ng'ombe wa maziwa. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Ochieng, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Yeye hakujua lugha yetu na sisi hatukujua yake, kwa hiyo Kiswahili changu nilijifunza kwa kufokewa. Wiki yake ya kwanza alitusikia tukimwita mama mmoja mzee aliyetuletea uji "baba", maana kwetu baba ndiye mama, na baba mzazi ni tata. Ochieng alimtazama yule mama, akatutazama sisi, kisha akavua kofia akamwamkia kwa heshima zote kama mwanamume mwenye nyumba. Baadaye alituambia watu wa milimani tuna mambo yetu, na yeye hakuja kuuliza maswali, alikuja kupasua mawe.

Siku yangu ya kwanza nilipiga jiwe kwa nguvu zangu zote, likavunjika vipande visivyofaa hata kufukuzia mbwa. Ochieng aliniketisha. Akaligonga jiwe jingine polepole kwa kinyundo, kila upande, ameinamisha kichwa. Jiwe zima hulia kama kengele, alisema. Lililooza ndani hulia kama kibuyu. Na kila jiwe lina mkondo wake kama ubao ulivyo na nyuzi. Ukiufuata, mapigo matatu yanatosha. Ukiukataa, utapiga hadi Krismasi. Hakuniruhusu kushika nyundo kubwa kwa mwezi mzima. Kazi yangu ilikuwa kugonga na kusikiliza.

Mwenzangu wa mafunzo alikuwa Mokaya. Wakati huo hatukuwa na kompresa ya kutoboa matundu. Mtu mmoja alishika tindo ndefu kwa mikono miwili na kuizungusha kidogo baada ya kila pigo, na mwenzake alipiga kwa nyundo nzito. Mokaya alishika, mimi nikapiga. Kwa miaka sita nyundo yangu ilishuka juu ya mikono ya yule mtu, kutwa nzima, na yeye hakuwa anatazama nyundo. Alitazama tundu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili bila kuwa na wa kumwimbia ya kwanza. Mara moja tu nilikosea nikampiga kidole gumba. Alienda mtoni akakiosha, akakifunga kwa jani la mgomba, akarudi akashika tindo. Nilimwambia apumzike. Akasema akipumzika mimi nitaanza kuogopa, na mpigaji mwoga ndiye anayeua.

Nataka mjue alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa mtu wa kukojolea kitu chochote ambacho wazee wamekiheshimu. Na hata angekuwa, jiwe halina pua.

Baruti pia tulifundishwa na Ochieng. Unatoboa matundu, unapakia, unawasha utambi, unakimbilia mbali na kujificha. Lililo muhimu kuliko yote ni kuhesabu milipuko. Alitufundisha kutia kokoto mfuko wa kushoto, moja kwa kila tundu. Mlipuko ukilia unahamisha kokoto moja kwenda mfuko wa kulia. Kama mfuko wa kushoto umebaki na kokoto, basi kuna tundu limegoma, na tundu lililogoma ni nyoka aliyelala. Hakuna anayerudi timboni kabla ya nusu saa kamili, na hata hapo anayekwenda kukagua ni mpiga baruti peke yake. Siku tundu lilipogoma, Ochieng alikuwa akichemsha chai na kutulazimisha kunywa vikombe viwili. Wasimamizi wakimfokea, aliwakaribisha chai.

Miaka ikapita. Ochieng alistaafu, akajenga nyumba yake Kiogoro, karibu na mji wa Kisii ambako mke wake alikuwa na duka la nguo. Mimi na Mokaya tukachukuliwa na kampuni iliyokuja kutengeneza barabara kwetu. Ilihitaji kokoto nyingi, ikafungua timbo kwenye mteremko uleule wa Nyanchera, hatua kama mia tatu kutoka kwenye mwamba. Mimi sasa nilikuwa mpiga baruti mkuu. Mokaya alikuwa kiongozi wa watoboaji. Alikuwa ameoa Kwamboka, mchuuzi wa ndizi Kebirigo, na walikuwa na watoto wanne.

Msimamizi wetu jina lake silitaji. Sisi tulimwita Haraka, naye alijua na alilipenda.

Siku yenyewe tulitoboa matundu kumi na mawili. Nikapakia, nikawasha, tukajificha. Nilihesabu kama nilivyofundishwa, na moshi ulipoanza kutawanyika nilitia mkono mfuko wa kushoto nikakuta kokoto moja.

Nilimwendea Haraka nikamwambia moja limegoma. Akasema hapana, mawili yalilia pamoja, yeye amesikia kumi na mawili. Nikamwambia tungoje nusu saa, kwani hiyo ndiyo kanuni. Akanyoosha kidole barabarani, malori matano yamepanga foleni. Alisema kama masikio yangu yamezeeka, kuna wengi wanaoweza kazi hii, naye hana shida ya kunitafutia mtu wa kushika nafasi yangu leo hii. Watu walikuwa wanasikia. Kisha akapiga filimbi ya kurudi kazini.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi. Mokaya alinipita akiwa na mtaimbo begani. Alikuwa ameona tunavyobishana. Akasimama, akaniuliza kwa lugha yetu, "Makori, baruti ziko sawa?"

Nikamjibu, "Msimamizi amesema ziko sawa."

Sikusema ni uongo. Sikusema ni kweli. Nilijificha nyuma ya mdomo wa mtu mwingine. Lakini Mokaya alisikia sauti yangu mimi, aliyoiamini miaka yote ile, akaitika kwa kichwa akaendelea. Nilimwona akiinama kuchokonoa jiwe lililolegea upande wa mwisho. Mlipuko wa kumi na mbili haukuwa mkubwa kuliko mingine.

Sitaeleza tulichokikuta. Nitaeleza kilichofuata, kwa sababu hicho ndicho kilichozaa video yenu.

Tulikuwa hatujamfunika vizuri, na Haraka tayari anazungumza na wazee waliokuja mbio kutoka mashambani. Aliwauliza, kwa unyenyekevu ambao sisi hatukuwahi kuuona, kama ule mwamba una habari zake. Wakamwambia kidogo. Yeye akajaza yaliyobaki. Siku iliyofuata kondoo alichinjwa chini ya Nyanchera kwa gharama ya kampuni, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla katika kumbukumbu ya mtu yeyote. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba jiwe liliporomoka lenyewe kutoka juu. Kwenye vijiji ikasemwa Nyanchera amekasirika. Maneno mawili tofauti, moja la ofisini na moja la kijijini, na yote mawili yalimwosha mtu yuleyule mikono. Kwa hiyo mnaponiambia hadithi ya damu ni utamaduni wetu, najua umri wake. Ilizaliwa mbele ya macho yangu, na baba yake alikuwa na filimbi shingoni.

Nami nilinyamaza. Miezi minne nilinyamaza nikiendelea na kazi.

Uongo ule ulikwenda ukatua nyumbani kwa Kwamboka. Watu walianza kusema jiwe halimchukui mtu bure, lazima nyumba hiyo ina jambo. Kisimani wanawake walimaliza kuchota haraka akifika. Watoto wa majirani walikatazwa kula kwake. Jumanne moja nilipita Kebirigo nikamwona ameketi na rundo lake la ndizi, nzuri, za kuiva vizuri, na wateja wanamzunguka kama maji yanavyozunguka kisiki kwenda kwa wachuuzi wengine. Hakuwa akilia. Alikuwa anapanga vichane upya, anavipangua, anavipanga tena.

Nilipanda gari hadi Kiogoro kwa Mzee Ochieng. Nilimkuta anapogoa kahawa. Nikamweleza yote, nikitumaini, nadhani, kwamba atanifokea na kisha atanisamehe, kama zamani. Aliuliza kitu kimoja tu, nilihesabu ngapi. Nikamwambia kumi na moja.

"Sasa kwa nini unaniambia mimi?" akasema. "Mimi si mjane."

Akarudi kwenye kahawa yake. Hata chai sikupewa.

Ijumaa nilikwenda kwa Kwamboka. Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilimwambia niliyomwambia Ochieng, na la Mokaya kuniuliza, na jinsi nilivyomjibu. Hakuacha kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo, na nilitokwa na jasho kama niko timboni. Alipomaliza gunzi lile akaniuliza kama nina hakika ndivyo nilivyomjibu, maneno hayohayo. Nikasema ndiyo.

"Usiniletee mimi hapa uani kama siri," akasema. "Kesho ni Sabato. Utasema kanisani, wote wakiwepo."

Nikasema. Baada ya matangazo niliomba nafasi, mzee wa kanisa akadhani nataka kutoa shukrani. Nilipofika mahali pa kokoto iliyobaki mfukoni alijaribu kunikatiza, akisema haya ni mambo ya kazini. Kwamboka alisimama kwenye benchi la tatu, akabaki amesimama tu. Mzee akakaa. Nikamaliza.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Jumatatu nilifukuzwa kazi, na kwa miaka miwili nilikuwa nachonga mawe ya makaburi na misingi ya nyumba za watu. Afisa wa kazi alikuja, akauliza, akaandika. Haraka hakushtakiwa, alihamishiwa timbo la mbali. Lakini wanawake walirudi kuzungumza kisimani, na ndizi za Kwamboka zilinunuliwa, wengine wakinunua kupita mahitaji yao kwa aibu. Yeye mwenyewe alikuwa akinisalimu kila Sabato. Salamu tu. Sikuwahi kudai zaidi.

Mnaelewa sasa kwa nini nilisimama na kiatu mguu mmoja. Ilituchukua mwanamke yule na mimi muda mrefu kuuzika uongo ule, na kijana mmoja akaufukua kwa dakika tatu. Mjukuu wa Kwamboka aliulizwa shuleni kama ni kweli babu yake aliliwa na jiwe. Akarudi nyumbani akauliza.

Nilipata kujua wenye video ni vijana watatu ambao hupanda kwa Nyanchera kila Jumapili, wakiongozwa na msichana aitwaye Bochaberi, aliyesoma mambo ya habari chuoni. Nikapanda. Nikawakuta wamemwaga rangi nyekundu chini ya mwamba, tena mawingu yamejaa na wao wameketi palepale ambapo vipande huangukia. Kwanza niliwaondoa hapo kwa fimbo, kisha ndipo nikawasalimu.

Bochaberi hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniita babu kwa lugha yetu, akasema, "Sokoro, pole sana. Lakini hii ya jiwe ndiyo watu wanataka. Hiyo yako ni ajali tu ya kazi."

Ajali tu ya kazi. Nilimwambia nyumba anayolala imejengwa kwa mawe, barabara iliyompeleka chuo imelazwa juu ya mawe, na hakuna hata moja lililojitokea lenyewe kwa uchawi. Kuna mtu alishika tindo. Kama mtu huyo akifa kwa sababu mwingine hakutaka kungoja nusu saa, na wewe ukasema ni jiwe, basi umempa msimamizi anayekuja ruhusa ya kuua tena, kwa kuwa jiwe litakuwepo siku zote la kusingiziwa. Nikamwambia Jumapili ijayo asipange lingine, nitamletea mtu.

Kwamboka sasa ni mzee, magoti yamechoka. Nilipomwomba sikutarajia akubali. Tulianza kupanda asubuhi umande ukiwa bado kwenye chai, tukipumzika kila baada ya hatua ishirini, na karibu na juu, penye utelezi, alininyooshea mkono nimshike. Katika miaka yote ile hakuwa amewahi kunishika mkono.

Vijana walimtandikia leso mahali salama. Bochaberi aliwasha simu. Kwamboka alisema jina kamili la mume wake, na kwamba alikuwa akiimba sauti ya pili, na kwamba alipenda ndizi zikiwa zimeungua kidogo chini ya sufuria. Alisema mengi ambayo hata mimi sikuyajua. Bochaberi akauliza kwa adabu, kama mtu anayekanyaga kwenye matope, "Magokoro, basi kama si jiwe, nani alimuua?"

Kwamboka hakufikiri sana.

"Ni watu wawili," akasema. "Mmoja alihamishwa. Wa pili ndiye huyu aliyenishika mkono kupanda."

Bochaberi alinitazama, kidole kikiwa juu ya simu, ananiuliza kwa macho kama akate. Nikamwambia aache iendelee.